Ndege ipi ya zamani uisajili? Soma namba ya jezi kwanza

SINGIDA. Ligi ikisimama kupisha timu za taifa, mdomo wa shabiki hausimami. Mkoani hapa, ambako Singida Black Stars ndiyo habari ya mjini tangu Ihefu ilipohamia na kubadili jina mwaka 2024, mapumziko ya kalenda yamezaa ubishi wa aina yake. Si wa penalti, si wa kadi nyekundu. Ni wa ndege.

Ndiyo, ndege. Tena ndege za abiria za zamani, zenye injini mbili, tatu au nne, ambazo vijana wengi wa leo wamezionea kwenye picha tu. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: ukiwa na vifaa vya kutengeneza ndege moja tu ya mfano, utatengeneza ipi?

Ubishi ulianzia kwenye kijiwe kimoja cha kutazamia mpira mjini hapa. Wanakijiwe wamechangishana, wakapata pesa ya gundi, rangi, msasa na mbao laini ya kutosha ndege moja. Lengo ni kuitundika juu ya televisheni, palepale macho ya kila mtu yanapokuwa kwa dakika 90. Moja tu, basi. Ndiyo maana kelele zimekuwa nyingi. Ukikosea kusajili winga, dirisha dogo lipo. Ukikosea hii, hela imeisha.

Kambi zipo nne. Shabiki wa Manchester United anataka ndege ya Munich. Wa Simba anataka yoyote yenye nembo ya mnyama. Wa Yanga anataka yoyote isiyo nayo. Na mdogo kuliko wote, fundi simu, anasema ndege isiyoruka ni pambo la kabati, yeye anataka ya kurusha. Walipoona mwandishi wa mpira anapita, wakanitupia pasi. Nikaituliza kifuani, nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

NI MCHEZO RASMI

Kabla hujauliza ndege zinatafuta nini kwenye kurasa za michezo, jua hili: kutengeneza na kurusha ndege za mfano ni mchezo unaotambuliwa duniani. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, lilianzishwa 1905, mwaka mmoja tu baada ya FIFA. Lina mashindano ya dunia ya ndege za mfano, na humo lipo daraja la ndege zinazofananishwa na ndege halisi.

Huko waamuzi hawaangalii kuruka peke yake. Wanaweka mezani picha na michoro ya ndege halisi, wanaikagua ya kwako bawa kwa bawa, rangi kwa rangi, halafu ndipo wanatazama inavyoruka. Rangi au alama isiyolingana na picha inakugharimu pointi. Yaani ni mchezo wenye VAR yake.

RAFU AU ANGA?

Swali la kwanza la usajili si jina la ndege. Ni kazi unayotaka ikufanyie. Kocha hasajili mtu kwa sababu ana jina, anasajili kwa sababu kuna pengo uwanjani.

Ndege ya kutundika inataka umbo la kuvutia na vipimo sahihi. Uzito si tatizo. Ndege ya kurusha inataka uwepesi, mabawa mapana na tabia ya upole angani. Ndege moja kufanya kazi zote mbili kwa ubora uleule ni sawa na kumtaka kipa awe pia mfungaji bora. Wapo, lakini usitegemee.

Swali la pili ni ukubwa. Mafundi wa fani hii wanatumia vipimo vya uwiano. Uwiano wa 1/72 maana yake sentimita moja ya ndege yako ni sentimita 72 za ndege halisi. Uwiano wa 1/144 ni nusu ya hapo, na ndio unaotumika sana kwa ndege kubwa za abiria, ili mtu asihitaji sebule ya mbunge kuhifadhi ndege moja. Kampuni kama Airfix ya Uingereza hutoa seti za plastiki kwa uwiano huo, unanunua boksi na kuunganisha vipande. Anayechonga mwenyewe kwa mbao anachagua uwiano anaoutaka.

Swali la tatu ni injini. Hapa shabiki wa mpira anaelewa haraka kuliko anavyodhani. Ndege yenye injini kwenye mabawa, moja ikizimika, inavutwa upande ulioumia. Ni kama timu iliyopoteza beki wa kushoto kwa kadi nyekundu: mashambulizi yote yatapitia hukohuko. Kadiri injini zinavyokaa mbali na mwili wa ndege, ndivyo mvuto huo unavyokuwa mkali. Kwa anayeanza kurusha, hilo si la kulipuuza.

WANAOWANIA NAMBA

Tukaamua tusizunguke dunia nzima. Afrika Mashariki ilikuwa na shirika lake, East African Airways, lililoanza kazi 1946 na kuvunjika 1977. Ndani ya miaka hiyo 31 lilirusha karibu kila aina ya ndege ambayo fundi wa mfano anaiota. Tukaita wanne kambini, na mmoja wa kushtukiza.

Wa kwanza ni DC-3. Huyu ni mkongwe wa wakongwe. Iliruka mara ya kwanza huko Marekani 17 Desemba 1935, na ukihesabu na zile za jeshi zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Ina injini mbili za pangaboi, kila moja ikiwa na silinda 14 zilizopangwa duara kama petali za alizeti. Ikiwa chini, mkia unagusa karibu na ardhi na pua inatazama juu. Mabawa yake ya mita 29 kwa uwiano wa 1/72 yanakuwa sentimita 40, saizi nzuri kabisa ya juu ya televisheni.

Uzuri wa DC-3 ni kwamba picha na michoro yake imejaa kila mahali, hivyo huna kisingizio. Ubaya wake unajitokeza ukitaka kuirusha. Bawa lake linachongoka kuelekea nchani, na mwendo ukipungua ncha ndiyo inayokata pumzi kwanza. Ndege inaangusha bega moja ghafla, mara nyingi wakati wa kutua, ukiwa umeshaanza kushangilia. Dawa yake ni kulisokota bawa kidogo wakati wa kujenga, ili ukingo wa mbele uiname kidogo nchani. Mzoefu anaiweza. Anayeanza atalia.

Wa pili ni Fokker F27, maarufu kama Friendship, ya Uholanzi. Injini mbili za Rolls-Royce Dart, mapangaboi yenye panga nne, na bawa limepita juu ya bodi. Bawa la juu ni zawadi kwa mrushaji. Mwili unaning'inia chini ya bawa kama ndoo chini ya mkono, na ndege hujinyoosha yenyewe ikiyumba. Kwa upepo wa Singida, ambao wenyeji tunaujua kwa majina yote mabaya, hiyo ni sifa ya kikosi cha kwanza.

F27 ina faida nyingine iliyomfanya shabiki wa Yanga asimame kwenye kiti. East African Airways ilipovunjika, Air Tanzania ilianzishwa Machi 1977, na F27 zilikuwemo kwenye kikosi chake cha mwanzo. Shirika la zamani lilikuwa na nembo ya simba. Air Tanzania ikaja na twiga. Kwa hiyo mtu unaweza kuipaka F27 jezi ya twiga, ukalala usingizi mnono Jangwani. Mashabiki wa Simba nao wasijidai sana, maana mnyama wa East African Airways alikuwa angani wakati klabu yao bado inaitwa Sunderland. Jina la Simba lilikuja 1971.

Wa tatu ni Comet 4, ya De Havilland. Comet ndiyo ndege ya kwanza ya jeti duniani kubeba abiria kwa ratiba, na safari hiyo ya kwanza, 2 Mei 1952, ilikuwa ya kwetu Afrika: London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe. Matoleo ya mwanzo yalipata ajali mbaya kwa sababu chuma cha bodi kilichoka na kupasuka angani. Comet 4 ilikuwa toleo lililosukwa upya, na East African Airways ilianza kuirusha 1960.

Kwa fundi, Comet ni mrembo mwenye mtego. Injini zake nne huzioni. Zimefichwa ndani ya shina la bawa, pale bawa linapoungana na bodi. Hakuna cha kuning'iniza, hakuna pangaboi la kuchonga. Lakini lile shina nene lenye matundu manne ya kuingizia hewa ndilo linalotenganisha fundi na mkata mbao. Kwa 1/144 inakuwa na urefu na upana wa takriban sentimita 24 kila upande.

Wa nne ni Super VC10. Huyu tumpe kifungu chake peke yake, tutafika.

Na wa kushtukiza ni Atalanta, ya Armstrong Whitworth. Wengi hawajaisikia. Miaka ya 1930, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilikuwa na njia ya kwenda Cape Town ikipitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Dodoma, jirani zetu hapa! Atalanta ilianza kufanya kazi kwenye njia hiyo 1933. Ina injini nne kwenye bawa moja refu lililo juu ya bodi, mabawa mita 27 na ushee. Zilijengwa nane tu na hakuna hata moja iliyobaki. Anayeitengeneza leo anairudisha duniani ndege ambayo hakuna mtu anayeweza kwenda kuigusa popote.

NDEGE ZA MAJONZI

Hapa ndipo kijiwe kiliponyamaza kwa mara ya kwanza.

Mashabiki wengi wa mpira tunazijua ndege za zamani kwa njia mbaya. Tunazijua kwa sababu zilianguka na timu. 4 Mei 1949, ndege ya Fiat G.212 yenye injini tatu iligonga kilima cha Superga ikiwa na kikosi cha Torino, iliyokuwa inatawala soka la Italia. Watu 31 walikufa, wote waliokuwemo. 6 Februari 1958, Ambassador ya shirika la BEA ilijaribu kuruka Munich mara ya tatu kwenye barabara yenye theluji iliyoyeyuka. Manchester United ilikuwa inarudi kutoka Belgrade, ikiwa imetoka sare ya 3-3 na Red Star na kufuzu nusu fainali ya Ulaya. Walikufa 23, wakiwemo wachezaji wanane.

Ya jirani zetu inauma zaidi. 27 Aprili 1993, ndege ya jeshi la anga la Zambia aina ya Buffalo iliruka kutoka Libreville, Gabon, ikielekea Abidjan na kisha Dakar, na haikufika. Watu 30, kati yao wachezaji 18 wa timu ya taifa. Uchunguzi ulieleza kuwa injini ya kushoto ilipata hitilafu, kisha rubani akazima ya kulia, ile iliyokuwa nzima. Ndege ya injini mbili ikabaki haina hata moja. Zambia ilibeba Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012, fainali ikichezwa Libreville hiyohiyo.

Je, ni sawa kuitundika ndege ya namna hiyo juu ya televisheni?

Hoja ya shabiki wa United ilikuwa na uzito. Anasema kumbukumbu si kushangilia kifo. Old Trafford ipo saa ya Munich ukutani, na hakuna anayesema ni utovu wa adabu. Tena Ambassador yenyewe ni ndege nzuri: bawa la juu, injini mbili, mkia wenye mapezi matatu. Moja imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Duxford, Uingereza.

Waliompinga hawakusema ni mwiko. Walisema jambo ambalo sikulitegemea kwenye kijiwe cha mpira: ndege yenyewe haina kosa. Aina ileile iliyoanguka siku moja iliwafikisha watu salama siku nyingine elfu. Hata F27, mpole wetu wa bawa la juu, ina msiba wake wa soka. 8 Desemba 1987, F27 ya jeshi la majini la Peru ilianguka baharini na kikosi cha Alianza Lima, wakafa watu 43, akapona rubani peke yake. Ukianza kufuta kila aina iliyowahi kuua, utabaki na tiara.

Kumbe basi suala si aina ya ndege. Suala ni ndege ipi hasa. Na hapo ndipo VC10 inapoingia uwanjani.

HERUFI TANO

Super VC10 ni jeti ya Uingereza yenye injini nne za Rolls-Royce Conway, zote zimekaa mkiani, mbili kila upande. Familia ya VC10 ilibuniwa kwa viwanja vya juu na vyenye joto, kama Nairobi na Johannesburg. Shabiki anajua timu inayopanda La Paz, mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, inavyokata pumzi kipindi cha pili. Injini na mabawa nayo yanaumizwa na hewa nyepesi. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na hata Singida yetu iko karibu mita 1,500. Kuhamishia injini mkiani kuliliacha bawa safi, bila kizuizi, likafanya kazi moja tu ya kuinua ndege.

East African Airways ilinunua tano, kuanzia 1966. Zote rangi moja, umbo moja, toleo moja lililoitwa Type 1154. Ukiziweka pamoja uwanjani, usingezitofautisha. Kilichozitofautisha ni herufi za usajili, ambazo kwa ndege ni sawa na namba mgongoni. 5H ni Tanzania. 5X ni Uganda. 5Y ni Kenya. Hata leo, ukitazama ndege za Air Tanzania utaona zinaanza na 5H.

Hizi hapa tano: 5H-MMT, 5X-UVA, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Shirika moja la nchi tatu, na kila nchi ina mchezaji wake kikosini.

Sasa zifuate moja moja uone.

5X-UVA iliishia Addis Ababa, 18 Aprili 1972. Ikiwa inakimbia kuruka, tairi la mbele lilipasuka baada ya kukanyaga chuma kilichodondoka kwenye ndege nyingine ndogo. Rubani akafunga breki, barabara ikaisha, ndege ikaenda chini na kuwaka moto. Kati ya watu 107, walikufa 43.

Nne zilizobaki hazikuanguka. Zilichukuliwa. Jumuiya ilipovunjika 1977 na shirika kuzama kwenye madeni, zilirudi Uingereza kwa waliozitengeneza. Shabiki yeyote wa klabu iliyowahi kushindwa kulipa mishahara anaijua hadithi hii: timu inakufa, wachezaji wazuri wanaondoka kufidia deni. Jeshi la anga la Uingereza likazisajili upya, likazigeuza kuwa matangi ya kuongezea mafuta ndege nyingine angani, likazipaka rangi ya kijivu na kuzipa namba mpya.

Na hapo zikacheza karibu miaka mingine 30. 5H-MOG, ambayo ni VC10 ya mwisho kabisa kujengwa duniani, ikawa ZA150. 24 Septemba 2013 ilitua Dunsfold, Uingereza, na ikahifadhiwa huko. Kesho yake, 25 Septemba, ikaruka ZA147. Ndiyo ilikuwa safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani. ZA147 ni nani? Ni 5H-MMT, ile iliyokuwa na namba ya Tanzania.

Tafakari hapo kidogo. VC10 ya mwisho kujengwa ilikuwa na usajili wa Tanzania. VC10 ya mwisho kuruka ilizaliwa na usajili wa Tanzania. Zote mbili ziliishia Uingereza, na mtoto wa Singida anayetaka kuiona ya kwake inabidi aombe viza.

UAMUZI

Niliwarudishia wanakijiwe pasi yao hivi.

Anayetaka kurusha, achukue F27. Bawa la juu, injini mbili tu za kununua, umbo la kusamehe makosa. Ajenge kwa lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, ni jepesi na linakatika kwa kisu kikali. Aache kurusha mchana upepo ukichachamaa. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapasha moto mawe, ndiyo saa yake. Asijaribu VC10 kwa kuanzia: injini nne za feni mkiani ni gharama, na uzito wote unakaa nyuma.

Anayetaka kumbukumbu ya Munich, aitengeneze Ambassador kwa heshima, aipake kama ilivyokuwa siku zake nzuri, magurudumu yametoka, inasubiri abiria. Ukutani aandike tarehe. Asiitengeneze imevunjika.

Lakini kwa ile moja ya juu ya televisheni, kura yangu ilikwenda kwa Super VC10. Si kwa sababu ni nzuri kuliko Comet, hilo watu wabishane hadi ligi irudi. Ni kwa sababu zile nyingine unaweza kuzitengeneza ukiwa popote duniani na zikawa na maana ileile. Hii inakudai uchague herufi tano, na kila chaguo ni hadithi tofauti. Ukiandika 5X-UVA umetengeneza msiba. Ukiandika 5H-MMT umetengeneza iliyofunga mlango. Mbao zilezile, rangi zilezile.

Kwa watakaofuata njia hii, mambo ya kiufundi ni haya. Super VC10 ina urefu wa mita 52.3 na mabawa mita 44.6. Kwa 1/144 ni sentimita 36 kwa 31. Kwa 1/72 ni karibu sentimita 73 kwa 62, na hapo hakikisha msumari wa dari ni wa kweli. Bodi ichongwe kwanza, halafu bawa, mkia mwisho. Mkia wake una umbo la herufi T, bawa dogo limekaa juu kabisa, na ndilo linalovunjika mara ya kwanza kila mtu akitaka kushika. Litie kijiti cha waya ndani.

Kama utaiweka kwenye rafu badala ya kuitundika, kumbuka injini nne za nyuma zitaikalisha kwa mkia kama mbwa mlangoni. Weka uzito puani kabla ya kufunga bodi. Risasi za nyavu, zile wanazofungia wavuvi wa Singidani, zinatosha. Ukikosa, sarafu chache za shilingi 200 zilizobanwa kwa gundi. Jaribu kuisimamisha kwa magurudumu kabla gundi haijakauka. Ikishafungwa, huingii tena.

Rangi isipakwe kwa kukumbuka. Mashirika hubadilisha jezi kama klabu, msimu hadi msimu. Tafuta picha ya ndege yenye herufi ulizochagua, ya mwaka uliouchagua, ufuate hiyo. DC-3 na Comet zina mtego zaidi, kwa sababu kabla ya uhuru ndege za shirika hili zilibeba herufi za ukoloni, kama VP-K za Kenya, kisha zikabadilishwa. Ukiandika 5H kwenye ndege ya 1960, umemvalisha mchezaji jezi ya klabu ambayo bado haijaundwa.

Kijiwe kimepiga kura. VC10 imepita. Wa Yanga alikubali mnyama kwa sharti kwamba nembo itazame ukutani. Wa United amepewa kazi ya kupaka rangi, na fundi simu ameahidiwa F27 msimu ujao hela ikipatikana. Kilichobaki ni ubishi mmoja: MMT au MOG? Iliyoruka mwisho, au iliyojengwa mwisho?

Mimi nimesema MOG, kwa sababu hiyo imehifadhiwa na siku moja mmoja wetu anaweza kwenda kuiona na kuilinganisha na ya kwetu. Wamekataa, wanasema mwandishi hana kura. Sawa. Ila yeyote watakayeiandika, wapime herufi kwa rula kabla ya kushika brashi.